DRC: Vikundi vya WhatsApp mashariki mwa inchi, sheria pekee haitoshi

Huko Goma, Bukavu, Beni ao Bunia, wakaaji wengi hupata habari kwanza ndani ya kikundi cha WhatsApp: cha mtaa, cha kanisa, cha familia ao cha wachuuzi wa soko. Wakati huu wa vita, ujumbe mmoja wa sauti, usio na jina wala tarehe, unatosha kufunga maduka na kukimbiza watu. Nani auzuie uongo huo kabla haujaleta madhara?

Sheria ipo. Ile ya mambo ya kidijitali, ya tarehe 13 Machi 2023, inaadhibu kwa kifungo cha mwezi mmoja hadi sita anayeanzisha ao kusambaza habari ya uongo juu ya mtu. Nayo sheria ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu ukabila na ubaguzi wa rangi. Lakini mahakama hufika wakati maneno yamekwisha kutenda kazi.

Tena, sheria hiyo inaweza kumgeukia mwandishi wa habari. Stanis Bujakera, wa Actualite.cd na Jeune Afrique, alifungwa Kinshasa tangu Septemba 2023 hadi Machi 2024, kwa sababu ya habari ambayo haikuwa na sahihi yake. Kukata intaneti nako si dawa: ilipokatwa tarehe 31 Disemba 2018, kisha uchaguzi, raia walikosa habari za kweli pamoja na za uongo kwa karibu wiki tatu.

Anayebaki karibu na moto ni msimamizi wa kikundi. Anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote, kumtoa mtu, ao kufunga kikundi ili wasimamizi peke yao waandike. Kikundi kimoja kinaweza kuwa na watu 1,024: ni mkutano mkubwa wa hadhara, na mkutano wa hadhara hauendi bila mwongozaji.

Mara nyingi kanuni za vikundi hukataza picha za uchi, matangazo ya biashara na matusi. Ni adabu njema, lakini zinasahau maswali matatu: habari umeitoa wapi? Ni ya lini? Uliona mwenyewe ao uliambiwa? Asiyeweza kujibu, asitume.

Hatari nyingine ni msimamizi kugeuka mfalme mdogo na kufuta kila asiyekubaliana naye. Mpaka uwe wazi. Maoni makali juu ya gavana, mbunge ao mwasi yabaki. Wito wa kushambulia kabila fulani, ao picha ya jirani inayosindikizwa na maneno "huyu ni adui", ufutwe palepale.

Na msimamizi aseme kwa nini amefuta. Uvumi unaofutwa kimyakimya huhamia kikundi cha pili; unaosahihishwa mbele ya wote hupoteza nguvu. Kwenye inchi ambako uvumi umekwisha kuua, kazi hiyo si ya kuchezea simu, ni ulinzi wa jirani.