Tulimwuliza Swali Baya



Majuma machache yaliyopita alifika kwetu parokiani hapa Mnyambe mama mmoja, mkono umevimba. Hata kabla hajaketi tulimwuliza, "Kwani umemfanya nini mumeo?" Tunalisimulia hili kwa ruhusa yake, kwa kuwa swali letu limetunyima usingizi.

Ndani ya swali hilo mlikuwa na hukumu: kwamba lipo kosa ambalo kipigo ni malipo yake halali, nasi kazi yetu ni kupima tu kama kimezidi. Wengi huwaza hivyo. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16, asilimia 58 ya wanawake wa Tanzania walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa walau sababu moja, kama vile kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 40. Akina mama wamewazidi akina baba! Ndiyo maana mama mzazi humrudisha bintiye kwa mume akimwambia avumilie.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila zasema vingine. Kwa majirani zetu Kenya, muswada wa ndoa ulikwama bungeni mwaka 1979, baadhi ya wabunge wakilalamika kwamba ungewazuia waume kuwatia wake zao adabu.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. La hasha. Wanasheria wa kale wa Uingereza waliandika kwamba mume aliweza kumrudi mkewe kwa kiasi, na wanasheria wa Kanisa wa zama za kati nao walimruhusu. Tunalikiri hilo kwa haya. Kwetu Umakondeni mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana sauti. Mila hiyo ingempa mke pa kukimbilia, lakini mjomba naye mara nyingi huuliza lile lile tulilouliza sisi.

Mtume Paulo anawaagiza waume wa Efeso wawapende wake zao kama Kristo alivyolipenda Kanisa. Kristo huyo alipigwa mijeledi kwa ajili ya bibi arusi wake. Hatusomi popote kwamba alimpiga.

Tena, kanuni ya 1153 ya Sheria ya Kanisa inampa mwenzi sababu halali ya kutengana na mwenzake anayemtia katika hatari kubwa ya roho au mwili. Kutengana huko si talaka. Mara ngapi tumewataja akina mama kifungo cha ndoa, tukainyamazia kanuni hiyo?

Msimu wa korosho unakuja na fedha zake, uraka wake na ugomvi wake. Kabla haujaanza tutakutana na viongozi wa jumuiya ndogondogo. Mama atakayekuja ameumia atasindikizwa kwanza hospitali, na akitaka, hadi dawati la jinsia polisi. Suluhu itangoja.

Mama yule tumemwomba radhi. Yuko kwa kaka yake, na mkono bado haujapona.