Gari Likilia, Zima Muziki Kwanza

Wanachuo wenzangu, naomba niseme jambo ambalo washkaji wa paking ya nyuma ya hosteli hawatalipenda. Vigari vyetu tulivyovishusha vinapiga kelele nyuma kwa sababu tumevikata springi wenyewe, halafu badala ya kukiri tunakimbilia kununua spea.

Naongea nikiwa mkosaji namba moja. Kaka yangu alipohamishiwa Mbeya kikazi aliniachia Vitz yake ya mwaka 2006 kwa sharti moja tu: kila mwezi nimpeleke Mama kliniki, maana magoti yanamsumbua. Gari lilikuwa zima kabisa. Lakini pale paking, gari lisilolala chini linaitwa gari la mstaafu. Basi Jumamosi moja tukaenda gereji na wenzangu watatu, wote tunasoma uhandisi mitambo. Grinda ikalia, springi zote nne zikapungua mzunguko mmoja na nusu. Gari likalala, picha zikapigwa.

Wiki ya pili ikaanza "ngo!" nyuma kila nikivuka tuta, na chuoni kwetu matuta ni mengi kuliko madarasa. Dawa yangu ya kwanza ilikuwa kuongeza sauti ya muziki. Dawa ya pili ilikula nusu ya bumu: shokapu mpya mbili za nyuma. Kelele ikabaki palepale, mimi nikabaki nakula kwa mkopo kwa mama ntilie.

Kilichoniuma ni siku ya kliniki. Mama alikaa kiti cha nyuma ili anyooshe mguu. Hakusema kitu njia nzima, ila kila tuta nilimwona kwenye kioo ameshika mlango kwa mikono miwili. Tulipofika akasema, "Mwanangu, mwezi ujao nitapanda daladala. Hili gari linalia kama linaumwa." Daladala, na magoti yale!

Jioni ile nikalipeleka kwa fundi mmoja mtu mzima. Hakushika spana. Aliniuliza tu, "Kijana wangu, linalia likiingia shimoni au likitoka kwenye tuta?" Nikakosa jibu. Wanafunzi wanne wa uhandisi, miezi miwili, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza hivyo.

Tukaanza na buti. Jeki nje, spana nje, tairi la spea likakazwa, maana mara nyingine ugonjwa wenyewe ni jeki inayocheza. Tukavuka tuta lilelile mara tatu, taratibu. Kelele ilikuja baada ya tuta, gurudumu linapoteremka. Akanyanyua gari, akaliweka kwenye stendi, magurudumu ya nyuma yakaning'inia. Akaishika springi kwa vidole viwili akaizungusha. Ikazunguka kama bangili mkononi!

Maelezo yake ni mepesi. Kwenye gari hili springi ya nyuma imekaa peke yake, kati ya bodi na chuma kinachounganisha magurudumu mawili ya nyuma. Shokapu iko pembeni, na urefu wake ndio unaozuia gurudumu lisishuke zaidi. Springi ya kiwandani ni ndefu kiasi kwamba hata gurudumu likining'inia, yenyewe bado imebanwa. Ukiikata, gurudumu likishuka springi inaelea, gari likirudi chini inajigonga kwenye kikalio chake. Ndiyo maana shokapu mpya hazikusaidia: zilikuwa na urefu uleule wa zamani. Na siku springi ikikaa upande ukiwa kwenye mwendo, hutaongelea kelele tena.

Kuna na hesabu tuliyoifahamu tukaipuuza. Ugumu wa springi unapanda kadiri mizunguko inavyopungua. Yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukiondoa 1 na nusu, inakuwa ngumu zaidi kwa theluthi moja hivi. Mtihanini tungeipata wote. Gereji tukaisahau.

Si kila kelele ni hiyo, ndiyo maana swali la fundi lina thamani. Likipiga "du!" zito likiingia shimoni na abiria nyuma, mara nyingi limefika mwisho na kugonga stopa ya mpira, kwa sababu umelipunguzia nafasi ya kushuka. Likilia "kwi kwi" polepole, angalia bushi. Na ukibadilisha bushi za mpira, boliti zake zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Ukizikaza magurudumu yakiwa yananing'inia, mpira unabaki umejipinda na utachanika mapema.

Najua jibu la washkaji: gari la chini linashika barabara. Kweli, likiwa chini linayumba kidogo kwenye kona. Lakini hiyo ni kwa springi zilizotengenezwa fupi tangu mwanzo, na shokapu zinazoendana nazo. Grinda haitoi hivyo. Sisi tulinunua muonekano, tukamlipisha aliyekaa nyuma.

Nilitafuta springi za mtumba za saizi ya kiwandani, tukazirudisha zote nne. Gari limenyanyuka, na pale paking sasa naitwa Mstaafu. Sawa tu. Mwezi uliopita Mama alisinzia njia nzima hadi kliniki.

Kwa hiyo, mwenye hela ya kushusha gari kwa vifaa vyake ashushe. Asiye nayo, kama mimi, aiache grinda ikate mageti. Na gari likianza kulia, usikimbilie dukani na bumu mfukoni. Zima muziki, vuka tuta, ujiulize: linalia likishuka au likipanda?