Seiko haikuanza na jina

Kila tunapojadili istilahi katika kitivo hiki, husimama mtu akasema: tupeni kwanza orodha kamili ya maneno ya sayansi, ndipo tutakapoandika kwa Kiswahili. Historia ya Seiko inanipa sababu ya kumpinga.

Kintaro Hattori alifungua duka lake Tokyo mwaka 1881, akiwa na umri wa miaka 21. Aliuza saa, akatengeneza zilizoharibika. Mwaka 1892 akaanzisha karakana, Seikosha, maana yake nyumba ya ufundi makini. Karakana ilikuwa na jina la Kijapani, lakini saa ya mfukoni ya 1895 iliitwa Timekeeper. Saa ya kwanza ya mkononi iliyotengenezwa Japani, ya 1913, iliitwa Laurel. Kiingereza kitupu!

Septemba 1923 tetemeko kubwa la Kanto, na moto uliofuata, viliteketeza kiwanda pamoja na saa zipatazo 1,500 ambazo wateja walizileta zitengenezwe. Hattori aliwalipa kwa saa mpya. Mwaka 1924 ndipo neno Seiko lilipoonekana usoni mwa saa. (Kwa herufi za Kilatini, ndiyo, sidai usafi.)

Tangu duka hadi jina hilo ni miaka 43, na katika miaka yote hiyo mafundi hawakukaa wakingoja jina. Walifungua, wakafunga, wakarudia. Astron ya tarehe 25 Desemba 1969, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi kuuzwa duniani, kwa yeni 450,000, ilitoka katika mazoea hayo.

Sisi tunaorodhesha istilahi za mambo ambayo hakuna anayeyaeleza kwa Kiswahili darasani. Tunachambua Kiswahili cha Lubumbashi kwa Kifaransa, tunaitetea kazi kwa Kifaransa, na mama wa sokoni aliyetupa mifano hawezi kuisoma. Kasoro hiyo haiponywi na kamusi. Kifaransa ndiyo lugha rasmi, kweli. Lakini Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili pia, miongoni mwa lugha nne za taifa ambazo Serikali inapaswa kuzikuza.

Kwa hiyo naomba jambo dogo. Mwaka ujao wa masomo, mwanafunzi mmoja aruhusiwe kuandika kazi yake ya mwisho kwa Kiswahili na kuitetea kwa Kiswahili. Neno likimkosa, alikope au alieleze kwa mistari mitatu, na jopo libishane naye palepale.