Haibridi ikizima Kinole, usikimbilie betri kubwa

Mfanyabiashara wa matunda anayepanda Kinole hununua bidhaa isiyosubiri. Nanasi lililoiva likilala siku mbili tatu bila usafiri, bei yake huanza kushuka kabla halijafika soko la Morogoro mjini, sembuse Dar es Salaam. Kwa hiyo gari lisilowaka alfajiri ni hasara mara mbili: fundi atalipwa, na mzigo utauzwa kwa bei ya kutupa.

Tunalisema hili kwa sababu magari ya haibridi, yale yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, yamekuwa kishawishi kwa wenye mitaji midogo. Petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita mwaka 2022, hesabu ya Toyota Prius, Aqua au Fielder ya haibridi kutoka Japani ilionekana nyepesi. Ni kweli magari hayo hunywa mafuta kidogo. Lakini akiba ya mafuta ya miezi mingi huweza kuliwa siku moja na mmiliki anayeambiwa, bila kipimo chochote, kwamba "betri ya haibridi imekufa".

Kwa mtazamo wetu, hakuna anayepaswa kutoa fedha za betri kubwa kabla ya kupimiwa betri ndogo. Magari hayo yana betri mbili. Kubwa ndiyo inayosukuma gari. Katika Prius za mwaka 2003 na 2009 ina vipande 28 na nguvu ya volti 201.6. Ndogo ni ya volti 12, kama ya gari lolote, nayo kazi yake ni kuamsha kompyuta. Hiyo ndogo ikiisha, neno READY halitatokea kwenye dashibodi hata kama kubwa imejaa. Gharama ya ndogo huwa ni laki chache. Ya kubwa huingia kwenye mamilioni. Atakayechanganya hizo mbili atakuwa amechanganya faida na mtaji.

Mazoea ya magari ya kawaida nayo hupotosha. Kulisukuma gari hili ili liwake ni kupoteza jasho, haliwaki kwa kusukumwa. Haibridi hizi za Toyota hazina alteneta wala stata ya kawaida. Betri ndogo huchajiwa na kifaa kinachopunguza umeme wa betri kubwa, tena wakati gari liko READY tu. Anayekaa ndani akisikiliza redio bila READY anaimaliza betri. Fundi anayesema alteneta imekufa kwenye gari la namna hiyo aulizwe aionyeshe iko wapi.

Kipimo chenyewe hakihitaji mtambo. Mita ndogo ya volti inatosha. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu, na chini ya 12 imekwisha. Gari likiwa READY, mita isome kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda hapo, tatizo liko kwenye njia ya kuchajia, na kununua betri mpya hakutasaidia.

Kama kuchaji ni kuzuri lakini betri inalala tena baada ya siku chache, ipo njia ya usiku mbili. Usiku wa kwanza chaji betri hadi ijae, kisha chomoa waya wa hasi. Usifunge buti, maana katika baadhi ya magari hayo hufunguka kwa umeme. Asubuhi pima. Ikiwa imeshuka sana ingawa haikuunganishwa, betri yenyewe imechoka. Ikiwa haijashuka, iunganishe na urudie usiku wa pili. Ikishuka safari hii, gari linavujisha umeme. Washukiwa wa kwanza ni king'ora, redio iliyofungwa baadaye, kifaa cha kufuatilia gari na taa ya buti isiyozimika.

Tazama hesabu yake. Betri ya saa-ampea 45 inayovujishwa nusu ampea huisha kwa saa 90, yaani chini ya siku nne. Kwa uvujaji wa kawaida wa ampea 0.05, itachukua siku 37. Gari linalosubiri msimu wa mzigo liwekwe READY mahali pa wazi kwa saa moja hivi kila wiki, injini itawaka na kuzima yenyewe.

Betri kubwa nayo ina dalili zake. Kipimo chake kikijaa na kuisha ndani ya dakika chache kwenye barabara tambarare, au mashine ya kusoma hitilafu ikitoa alama P0A80, hapo kuna hoja. Hata hivyo, kwanza lisafishwe tundu la hewa karibu na kiti cha nyuma, kwani vumbi likiziba feni, betri hupata joto na kuchakaa mapema. Kazi nyingine yoyote kwenye nyaya za rangi ya chungwa aachiwe fundi aliyefunzwa; umeme huo unaua.

Dalili za mlimani zisichukuliwe kuwa ugonjwa. Ukipita Kiroka na Mkuyuni kisha ukapanda Kinole na mzigo, betri kubwa kushuka ni jambo la kawaida. Ukiteremka hujaa kutokana na breki, na ikishajaa gia ya B ndiyo isaidie kulizuia gari. Kumbe barabara hiyo ni mahali pazuri pa kulijaribu gari kabla ya kulilipia kuliko uwanja wa muuzaji.

Ushauri wetu kwa mwekezaji mdogo ni huu. Katika bei ya kununulia, jumlisha betri ndogo mpya na akiba ya betri kubwa, hasa kwa gari lenye umri mkubwa. Dai karatasi ya vipimo yenye namba. Kama baada ya hapo faida bado ipo, nunua. Kama haipo, gari la kawaida ambalo kila fundi wa Morogoro analifahamu litakufikishia mananasi sokoni yakiwa bado na bei.