Daktari mwenye mashoto: adabu ya mkono wa kulia na usalama wa mgonjwa



Kijana wa Wete au Makunduchi anayekwenda kusoma udaktari Bugando, Mwanza, kwa basi la kutoka Dar es Salaam, lazima apite Tinde. Ni mji mdogo wa njia panda mkoani Shinyanga. Njia moja inakwenda Shinyanga mjini na Mwanza, nyengine inakata kuelekea Isaka na Kahama, na mbele yake kuna machimbo ya dhahabu ya Geita na mipaka ya Rwanda na Burundi. Malori hayakatiki usiku wala mchana. Penye malori na machimbo pana ajali, na penye watu wengi pana akina mama wa kujifungua.

Katika miaka ya karibuni serikali imejenga na kukarabati mamia ya vituo vya afya Tanzania Bara, na vingi vimepewa chumba cha upasuaji ili mama aliyekwama katika uzazi asipoteze masaa njiani kuelekea hospitali ya mkoa. Hilo ni jambo la kheri na tunalishukuru. Lakini limeleta suala ambalo halizungumzwi. Zamani kisu kilikuwa katika hospitali kubwa, na daktari akikwama alikuwapo mwenzake wa kumpokea. Katika kituo cha pembeni usiku wa manane, mwenye kujua kupasua huenda akawa mmoja tu. Na katika kila watu kumi, karibu mmoja huwa na mashoto. Akiwa ndiye huyo, je?

Wengi wetu tunadhani mashoto ni suala la sahani na kalamu. Tazameni mkasi. Ukiukata uzi kwa mkono wa kulia, kidole gumba kinasukuma upande mmoja na vidole vingine vinavuta upande wa pili, na hapo makali mawili yanabanana. Utie mkasi ule ule katika mkono wa kushoto, nguvu zinageuka na makali yanaachana. Uzi unatafunwa badala ya kukatika. Fundi cherehani yeyote wa Darajani mwenye mashoto anaijua adha hii, ila yeye akikosea anaharibu kitambaa.

Koleo ya kushikia sindano ya kushonea nayo ina meno ya kufungia yaliyotengenezwa yafunguke kwa msukumo wa gumba la kulia. Mwenye mashoto analazimika kuyafungua kwa kuvuta kinyume, na sindano inaruka au inachana nyama. Kuna na suala la pahala pa kusimama. Katika upasuaji wa uzazi, daktari wa mkono wa kulia kwa desturi husimama upande wa kulia wa mgonjwa, msaidizi ng'ambo yake, na muuguzi anatia kifaa katika kiganja cha kulia bila ya kutazama. Mmoja akifanya kinyume, viwiko vinagongana na ncha kali zinapishana hewani. Mtu akichomwa na sindano iliyokwisha kutumika, habari yake inajulikana: virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Wala si tatizo la nchi masikini tu. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliowauliza madaktari wa upasuaji wenye mashoto huko New York, na wachache sana walisema waliwahi kupewa vifaa vya mkono wao walipokuwa mafunzoni. Kama New York hawakupewa, tusitarajie kwamba kituo cha njia panda ya Shinyanga kitakuwa navyo kabatini. Vifaa hivyo vinatengenezwa na vinauzwa. Tatizo ni kwamba hakuna anayeviagiza kwa sababu hakuna anayeuliza.

Sasa tuje upande wetu, kwa sababu mambo hayaanzii chumba cha upasuaji. Yanaanzia nyumbani na chuoni. Mtoto akinyoosha mkono wa kushoto anapigwa kofi, na wapo wanaoufunga kwa kitambaa. Lugha yenyewe inatusukuma huko: mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula, jina limekwisha kutoa hukumu. Na kwa Wasukuma wa Tinde, kama kwetu, kumpa mtu mzima kitu kwa kushoto ni kumvunjia heshima. Basi daktari kijana mwenye mashoto anakuwa na mzigo juu ya mzigo: kifaa kinamkataa, mwalimu anamwambia abadilishe mkono, na bibi aliyelala kitandani anauvuta mkono wake akiiona sindano inakuja kutoka kushoto.

Wazazi hutuuliza: je, dini si ndiyo iliyoamrisha kulia? Ndiyo, na hatulegezi hapo. Sunna ya kula na kunywa kwa mkono wa kulia imethibiti katika Bukhari na Muslim, na Bibi Aisha radhiyallahu anha amesimulia kuwa Mtume swallallahu alayhi wasallam alikuwa akipenda kuanzia kulia katika kujitwahirisha, kuchana nywele na kuvaa viatu. Mtoto mwenye mashoto afunzwe kula kwa kulia, kwa upole, naye ataweza, kwa sababu kijiko hakihitaji ustadi mkubwa. Na Imamu Nawawi, ambaye sisi watu wa madhehebu ya Shafii tunarejea kwake sana, ameeleza kuwa mwenye udhuru kama maradhi au jeraha hapati lawama hata katika kula.

Lakini kupasua na kushona ni kazi ya ustadi, na hatujui andiko linaloharamisha kuifanya kwa kushoto. Mfano ulio karibu zaidi ni kisu cha Idd. Kuchinja kwa mkono wa kulia ndio bora, lakini aliyechinja kwa kushoto akatimiza masharti, nyama yake ni halali, hakuna anayeitupa. Sayyidna Umar radhiyallahu anhu anatajwa katika vitabu kuwa alikuwa akifanya kazi kwa mikono yote miwili.

Na kuna upande mwengine usiosemwa mara nyingi. Katika Abu Daud imepokewa hadithi kuwa anayejitia utabibu bila ya kujulikana kwa utabibu, dhamana ya madhara ni juu yake. Tunaona maana yake inagusa hapa. Mkono usiozoea kisu ni kama tabibu asiyesoma. Anayemlazimisha daktari atumie mkono dhaifu juu ya tumbo la mama, kwa ajili ya adabu au kwa ajili ya mazoea ya mwalimu, ajiulize nani atabeba dhamana mkono ukiteleza.

Kwa hiyo tunatenganisha. Adabu iwe kwa kulia: kumpa mgonjwa vidonge, kumpokea cheti, kumsalimia mzee. Hayo hayamgharimu muuguzi mwenye mashoto kitu. Sindano, kisu na uzi viwe kwa mkono unaojua. Mgonjwa asimkatae kwa hilo. Wapo pia wanaouona mkono wa kushoto una najisi. Hao wakumbuke kwamba daktari ameosha mikono yote miwili na amevaa glavu zote mbili.

Kinachotakiwa hakihitaji fedha nyingi. Seti moja ya mikasi na koleo za mashoto, iliyotiwa alama na kutakaswa pamoja na nyengine, inatosha kituo kidogo. Kabla ya kuanza, daktari aseme wazi mkono anaotumia na upande atakaosimama, na ncha kali zipitishwe kwa kuwekwa katika trei, si mkono kwa mkono. Vyuo vyetu, kuanzia SUZA hapa Unguja, vimuulize mwanafunzi siku ya kwanza ya mafunzo ya kushona anatumia mkono gani, vimpe vifaa vyake, kisha vimzoeshe pia vya kulia taratibu, maana hajui atapangiwa wapi. Katika maandishi ya kale ya Kirumi imeandikwa kuwa mpasuaji anatakiwa aweze kutumia mikono yote. Hilo ni sahihi, ila linafunzwa darasani, halilazimishwi usiku mama anapotokwa na damu.

Na mzazi ambaye mwanawe yuko safarini kwenda Mwanza au amepelekwa mazoezini upande wa Tinde, amwambie aulize vifaa hivyo kabla ya zamu yake ya kwanza.

Wallahu a'lam.