Mama wa Rangwe Hakuwa Mjinga

Kwenye matanga na mabaraza ya huku Rangwe, kuanzia Kochia hadi Gem, kuna maneno kuhusu kliniki ya mama na mtoto yaliyorudiwa mpaka yakashika nafasi ya historia. Nayapinga kwa sababu lawama yake humwangukia mama.

Wanasema kliniki ilikuwa zawadi ya mkoloni. Enzi hizo tulihesabiwa katika wilaya ya South Kavirondo, na waliotangulia kututibu walikuwa hasa wamisionari: Waadventista waliofika Gendia mwaka 1906, kisha Wakatoliki wa Mill Hill pale Asumbi. Serikali ilikuwa hodari zaidi wa kukusanya kodi ya nyumba. Mabaraza ya Wenyeji yalipoanzishwa mwaka 1924, zahanati nyingi za mashambani ziliendeshwa kwa ushuru waliotozwa wananchi wenyewe. Bibi zetu walihudumiwa kwa pesa zilizotoka nyumbani mwao.

Wanasema pia kwamba tangu uhuru matibabu yalikuwa bure. Ada ya wagonjwa wa nje ilifutwa mwaka 1965, hilo ni kweli. Lakini Desemba 1989 malipo yalirudi, yakasitishwa mwaka uliofuata, kisha yakarejeshwa hatua kwa hatua. Mwaka 2004 zahanati iliwekewa shilingi 10 na kituo cha afya shilingi 20. Kujifungua bila malipo katika hospitali zote za umma kulianza Juni 2013 tu.

La tatu linaniudhi zaidi: kwamba sindano ya pepopunda wanayodungwa wajawazito ni hila ya kutufunga uzazi. Maneno hayo yalipamba moto mwaka 2014, wakati wa kampeni ya kuchanja dhidi ya pepopunda. Sindano hiyo humkinga mama, na kupitia kwake humkinga kichanga ambaye kitovu chake huenda kikakatwa kwa wembe usio safi. Na kuhusu uzazi wenyewe: mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8. Kufikia utafiti wa 2008 hadi 2009 wastani ulikuwa umeshuka hadi 4.6, miaka kadhaa kabla ya kampeni ile inayolaumiwa. Wanawake walikuwa wamesoma, wakachelewa kuolewa, wakachagua wenyewe kupanga uzazi.

Sasa lile linalosemwa kwa dharau: kwamba mama zetu walizalia nyumbani kwa nyamrerwa, yaani mkunga wa jadi, kwa sababu ya ujinga, hawakutaka hospitali. Anayesema hivyo hajawahi kuona foleni ya siku ya kliniki. Akina mama waliamka alfajiri, mtoto mgongoni, kadi imefungwa ndani ya karatasi ya nailoni isilowe, wakatembea hadi kwenye ile mizani ya kuning'inia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba wajawazito 88 kati ya 100 walihudhuria kliniki kwa mhudumu wa afya. Waliojifungulia kituoni walikuwa 40 tu kati ya 100. Anayeogopa hospitali haendi kupimwa tumbo.

Tofauti iko hapa: siku ya kliniki huchaguliwa, uchungu hauchagui. Humshika mama saa nane usiku, masika yamegeuza njia kuwa tope, gari hakuna, na akifika huenda zahanati imefungwa, au muuguzi yuko lakini pesa hazipo. Nyamrerwa alikuwa jirani, akiitwa anakuja, na malipo yake angeweza kuyasubiri. Damu ikitoka kwa wingi hakuwa na la kufanya, na akina mama walikufa, hilo silifichi. Lakini yeye ndiye aliyekuwapo.

Ada ilipofutwa na vituo vikaongezeka, wale wale walioitwa wajinga walikwenda. Mwaka 2014 waliojifungulia kituoni nchini walifika 61 kati ya 100, na mwaka 2022 wakafika 82.