Sungura wa Nyumbani: Nyasi, Pahali Pakavu na Jicho la Kila Asubuhi

Katika Nakuru na pande zake, kuanzia Njoro na Molo hata Rongai, Gilgil na Naivasha, nyumba nyingi zina kizimba cha sungura nyuma ya jiko. Mara nyingi sungura hao ni mali ya watoto. Mtoto hununuliwa wawili, huwapa majina, huwaonyesha rafiki zake, na baada ya miezi michache huamka asubuhi na kuwakuta wamelala ubavu, wamekwisha kufa. Jirani husema ni tauni, na kizimba hugeuzwa kuwa tundu la kuku.

Sungura atunzwaye vema aweza kuishi miaka 8 na kuzidi, lakini wengi hawamalizi hata mmoja. Wengi wa hao hawauawi na tauni yo yote. Huuawa na chakula kisichowafaa, na unyevu, na kukosa mtu wa kuwatazama. Mambo hayo matatu yamo mikononi mwa mfugaji mwenyewe, wala hayahitaji fedha nyingi.

SI YULE WA PORINI

Kwanza yafaa ifahamike kwamba sungura wa kizimbani si yule wa porini ambaye watu wamemsifu kwa ujanja tangu zamani. Hushiriki jina tu. Yule wa porini huzaa juu ya ardhi, na watoto wake hutoka wana manyoya na macho wazi, tayari kukimbia. Huyu wa kufugwa asili yake ni Ulaya ya kusini-magharibi, pande za Hispania, na aliletwa Afrika ya Mashariki na Wazungu. Kwa asili yake huchimba mashimo na kuishi humo pamoja na wenzake. Watoto wake huzaliwa uchi, wamefumba macho, wasiojiweza kabisa.

Kwa sababu hiyo mahitaji yake ni mahitaji ya mnyama wa shimoni: kivuli, ukavu, mwenzake wa kukaa naye, na pahali pa kujificha anapoogopa. Na kwa kuwa yeye ni windo la kila mnyama mla nyama, huficha ugonjwa wake mpaka nguvu zimwishie. Kwa hiyo huonekana kana kwamba amekufa kwa ghafula, ingawa huenda alikuwa mgonjwa kwa siku tatu.

NYUMBA YAKE

Kizimba kizuri huinuliwa juu ya miguu, kiasi cha futi 3 kutoka chini. Kwa sungura mmoja mkubwa, urefu usipungue futi 4, upana futi 2, na kimo futi 2, apate kuruka na kusimama kwa miguu ya nyuma. Sungura wawili wahitaji zaidi, na wote wafaidi kutolewa kila siku wakimbie katika ua uliozungushiwa wavu. Mbao za kawaida zatosha. Sakafu yaweza kuwa ya wavu wa waya wenye matundu madogo, kinyesi kipate kuanguka chini, lakini sehemu moja iwekwe ubao na mabua ya ngano makavu. Sungura akaaye juu ya waya mchana kutwa na usiku kucha hupata vidonda katika nyayo, na vidonda hivyo ni vigumu kupona. Wakulima wa Njoro hawana shida ya mabua baada ya mavuno ya ngano.

Pahali pa kukiweka kizimba hutegemea nchi ilivyo. Mji wa Nakuru uko juu kiasi cha mita 1,850, na husemwa kwamba jina lake kwa Kimasai lahusu vumbi. Katika miezi ya kiangazi, tangu Januari hata Machi, upepo huinua vumbi jingi, na vumbi hilo huudhi pua na mapafu ya sungura. Basi mgongo wa kizimba ukabili upande utokako upepo, na ubao uwe mzima, usio na nyufa. Molo iko juu zaidi, yapata mita 2,500, na usiku wa Julai ni wa baridi kali. Huko sungura hatadhurika na baridi yenyewe maadam ana mabua mengi na hapati mvua. Lakini ukishuka kuelekea Marigat, adui ni joto. Sungura hana jasho la kumpoza, hutegemea masikio yake kutoa joto la mwili. Joto likipita digrii 30, huanza kuhema na aweza kufa mchana mmoja. Kizimba cha huko kiwe chini ya mti, na paa la bati lifunikwe kwa nyasi.

Miguu ya kizimba isimamishwe ndani ya makopo yenye maji na mafuta kidogo, kwa kuwa siafu waweza kumaliza watoto wote wa sungura katika usiku mmoja. Mlango uwe na komeo madhubuti, kwa ajili ya mbwa, paka na nguchiro.

CHAKULA CHAKE

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wengi hudhani sungura ni mnyama wa karoti na kabeji. Ukweli ni kwamba sungura ni mla nyasi, kama ng'ombe. Katika sehemu 10 za chakula chake, 8 au zaidi ziwe nyasi, na nyasi zisikosekane mchana wala usiku. Nyasi za boma Rhodes zilizokaushwa vema hushinda zote. Ziwe na rangi ya kijani kidogo na harufu nzuri, pasiwe na ukungu.

Sababu ni mbili. Ya kwanza, meno ya sungura hukua maisha yake yote. Nyasi ngumu huyasaga, na akizikosa hurefuka hata yakamzuia kula. Ya pili, tumbo lake ni kama jiko la kuni ambalo halipaswi kuzimika: chakula chenye nyuzi ndicho kilisukumacho. Akikosa nyasi na kushibishwa pumba, mkate au mahindi, tumbo husimama, hujaa hewa, na kwa kuwa sungura hawezi kutapika, hana njia ya kujiokoa.

Juu ya nyasi, apewe majani mabichi kidogo kila siku. Majani ya viazi vitamu yafaa sana, na kishona nguo kabla hakijatoa mbegu. Sukuma wiki apewe kwa kiasi, na kabeji haba kabisa, kwani humtia hewa tumboni. Karoti ni kama peremende kwa mtoto: kipande cha ukubwa wa kidole gumba chatosha. Majani yo yote mapya yaanzishwe kidogo kidogo kwa muda wa juma zima. Chakula cha punje kitengenezwacho viwandani si lazima kwa sungura mzima wa kufurahisha watoto. Akipewa, gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake zatosha kwa siku. Jike anyonyeshaye na watoto wakuao wahitaji zaidi.

Yako majani yasiyopasa kabisa. Katika Molo na Mau Narok, ambako viazi ni vingi, watoto huchuma majani ya viazi vya Kizungu na kuyapeleka kizimbani. Majani hayo yana sumu, na hali kadhalika majani ya nyanya. Majani ya mparachichi nayo ni sumu. Nyasi zikatwazo kando ya shamba lililopigwa dawa ya wadudu, au kando ya njia wapitapo mbwa wengi, ziachwe. Nyasi zilizorundikwa zikapata moto, na mahindi yaliyoota ukungu, yatupwe mbali.

Maji safi yawepo daima, katika chombo kizito kisichopinduka. Sungura wa kilo 2 aweza kunywa robo lita kwa siku, na jike anyonyeshaye hunywa zaidi ya hapo. Ile habari kwamba sungura hahitaji maji maadam anakula majani mabichi si kweli, nayo imewaua wengi.

AFYA YAKE

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shambani au ofisini, mfugaji atazame mambo matatu: kama chakula cha usiku kimeliwa, kama kinyesi ni kingi, cha mviringo na kikavu, na kama sungura amekuja mlangoni kama desturi yake. Kazi hiyo haizidi dakika mbili. Sungura ambaye hakula kwa saa 12 ni mgonjwa wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo siku ile ile.

Mfugaji mgeni huenda akashtuka kumwona sungura akila kinyesi laini kinachong'aa. Hilo si ugonjwa. Chakula chake hupita tumboni mara mbili, na kwa njia hiyo hupata vitamini ambazo hakuzipata mara ya kwanza. Asizuiwe.

Ugonjwa uuao watoto wengi wa sungura ni kuhara kuletwako na vijidudu viitwavyo koksidia. Mayai ya vijidudu hivyo hutoka na kinyesi, nayo huhitaji unyevu na siku kadhaa kabla ya kuweza kuambukiza. Kwa hiyo mtu asafishaye kizimba kila siku na kukiweka kikavu huukata ugonjwa njiani. Wakati wa mvua za masika uangalifu uongezwe, na nyasi zisiwekwe sakafuni bali katika hori.

Mafua ya sungura hujulikana kwa kamasi na kwa miguu ya mbele iliyolowa, kwa sababu hujipangusa pua kwayo. Mara nyingi chanzo ni vumbi na harufu kali ya mkojo. Ukoko masikioni, au puani na miguuni, huletwa na utitiri. Ukoko usibanduliwe kwa kucha. Daktari anayo sindano ya kuwaua wadudu hao. Upele wa namna hiyo waweza kumwasha na mtu pia, basi mikono ioshwe.

Neno moja la hatari lazima lisemwe waziwazi. Dawa za jamii ya penisilini zikipewa sungura kwa kinywa huua vijidudu vyema vya tumboni mwake, naye hufa. Mfugaji asichukue dawa iliyobaki ya kuku au ya mtu na kumtilia sungura katika maji. Aulize kwanza.

Wala sungura asinyanyuliwe kwa masikio. Mkono mmoja uwe chini ya kifua na mwingine chini ya matako. Akirusha mateke bila kushikwa vema aweza kujivunja uti wa mgongo, na mtoto mdogo ni heri acheze naye hali ameketi chini.

WASIWE WENGI KULIKO NYASI

Jike na dume wakikaa pamoja, mimba huchukua siku 31 hivi, na jike aweza kushika mimba nyingine siku ile ile azaapo. Kwa hiyo familia itakayo sungura wa kufurahia tu na ichague majike wawili waliokua pamoja, na madume yatengwe yafikapo miezi 3. Atakaye kuzalisha ampeleke jike kwenye kizimba cha dume, asifanye kinyume. Asiwazalishe ndugu wa tumbo moja. Siku ya 28 aweke sanduku lenye mabua makavu, na jike atalitandika kwa manyoya yake mwenyewe. Hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, dakika chache. Wengi wamewatoa watoto sandukuni wakidhani mama amewatupa, na kumbe wao ndio waliowaua. Watoto hufungua macho kama siku ya 10, na waweza kuachishwa ziwa wakiwa na majuma 6.

Wako pia wanaowaza biashara. Baada ya mwaka 2010 ufugaji wa sungura ulivuma katika Kenya nzima. Watu waliahidiwa soko kubwa la nyama na la mkojo wa kurutubisha mimea, wakajenga vizimba vingi kabla ya kumpata mnunuzi. Walipokosa mahali pa kuuza, wengi waliachwa na vizimba vitupu na madeni. Heri mtu aanze na majike wawili, ajifunze kuwaweka hai mwaka mzima, na aulize soko kabla ya kuongeza wa tatu. Mbegu njema zimezalishwa kwa miaka mingi katika kituo cha serikali cha Ngong, na Afisa wa Mifugo wa karibu aweza kumwelekeza mfugaji.

Tena mfugaji awe na daftari: siku ya kuzaa, idadi ya watoto, waliokufa na dalili zilizoonekana. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hata mtoto wa shule aweza kuliandika. Akiliandika kwa uaminifu miezi sita, atajua yeye mwenyewe ni majani gani yalileta kuhara na ni juma gani kizimba hakikusafishwa, wala hatahitaji tena jirani wa kumwambia kwamba ilikuwa tauni.